Saa ya Mwalimu

Barua ya kuacha kazi ilikuwa na mistari sita tu. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa hisabati, mwaka wake wa nne kazini, na katika miaka yangu yote shuleni sijaona wengi wanaofundisha kama yeye. Aliileta mwenyewe mchana wa Ijumaa, kengele ya mwisho ikiwa imeshalia, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Nikamkaribisha kiti. Nikamwuliza kama ni mshahara, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama ni wanafunzi, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu," akaniambia, "usiku nasahihisha, alfajiri najaza fomu, mchana nafundisha. Ni lini nitakaa nifikiri kesho niwaelezeje hawa watoto sehemu mpaka wazielewe?"

Wakati huo nilikuwa naibu mkuu wa shule, taaluma yote iko chini yangu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimetuma mafaili zaidi ya thelathini kwenye kundi la simu la walimu: maandalio ya masomo, mazoezi, video, miongozo ya tathmini, viungo vya mafunzo ya mtandaoni. Niliamini kabisa kwamba ninawasaidia. Nilipokuwa kijana darasani tulikuwa tukigombania kitabu kimoja cha kiada walimu watatu, kwa hiyo kwangu mimi kumpa mwalimu nyenzo kulikuwa ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Yule binti alikuwa na nyenzo za kujaza chumba. Alichokosa ni saa ya kuzifungua.

Aliondoka mwisho wa muhula. Makala hii imetoka kwenye barua ile, na ninaiandika kwa ajili ya walimu wenzangu, lakini zaidi kwa ajili ya wakuu wa shule, manaibu na walimu wa taaluma, yaani sisi tunaoshika kalamu inayopanga ratiba.

Tatizo si la shule moja. Ripoti ya UNESCO kuhusu walimu iliyotolewa mwaka 2024 inasema dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari ifikapo 2030. Ukisikia takwimu hiyo unafikiria madarasa mapya na watoto wanaoongezeka, lakini zaidi ya nusu ya walimu hao wanahitajika kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Kwa walimu wa shule za msingi, ripoti ileile inaonyesha kuwa kiwango cha wanaoacha kwa mwaka kilikuwa karibu asilimia 4.6 mwaka 2015, na mwaka 2022 kilifika asilimia 9. Tunajaza pipa lenye tundu. Mshahara ni sehemu kubwa ya tundu hilo, na hilo mkuu wa shule hana uwezo nalo. Mzigo wa kazi ni sehemu nyingine, na huo kwa kiasi kikubwa tunautwika wenyewe.

Baada ya yule mwalimu kuondoka nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya miaka mingi kabla. Alikuwa na mikondo minne, kila mmoja una wanafunzi kama hamsini. Hayo ni madaftari mia mbili. Daftari moja ukilipa dakika tatu, na dakika tatu ni chache kwa anayetaka kuelewa mtoto alipokosea, raundi moja ya kusahihisha inakula saa kumi. Utaratibu wetu ulidai raundi mbili kwa wiki. Saa ishirini, juu ya vipindi vyote vya kufundisha, na zamu, na vikao. Hakuna mahali popote kwenye ratiba palipoandikwa saa hizo. Tulizichukua kwenye usingizi wake.

Kisha nikachukua karatasi nikaorodhesha kila kitu tulichomtaka mwalimu aandike. Mahudhurio yalikuwa yanaandikwa mara tatu: kwenye rejista, kwenye kompyuta ya ofisi, na kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Andalio la somo lilitakiwa kwa nakala mbili. Kulikuwa na ripoti ya maendeleo ya darasa iliyoanzishwa na mkuu aliyestaafu zamani, kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka. Nikaenda kwenye kabati nikazitafuta ripoti hizo. Nilizikuta za miaka mitatu, zimefungwa kwa kamba ileile aliyozifungia karani siku alipozipokea. Hakuna aliyewahi kuifungua kamba hiyo. Nilisimama pale kwa muda, nikifikiria mikono iliyoziandika.

Tulianza kwa kupunguza, si kwa kuongeza. Mahudhurio yakaandikwa mara moja tu. Ripoti ile ikafutwa. Walimu wa somo moja wakaruhusiwa kutayarisha andalio moja la pamoja, kila mmoja akaongeza ya darasa lake pembeni kwa kalamu. Na kikao cha Jumatano, kile cha saa nzima ambacho mimi au mkuu tulikuwa tukisoma matangazo huku walimu wakisahihisha chini ya meza, tukakibadilisha kabisa. Matangazo yakaenda kwenye ubao wa ofisi ya walimu. Saa ikabaki kwa kazi za wanafunzi.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo niliponufaika kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Wiki ya kwanza mwalimu mmoja alileta madaftari matano yenye swali moja: nusu jumlisha theluthi. Watoto watatu kati ya watano walikuwa wameandika mbili ya tano. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha sehemu analijua kosa hilo. Mtoto anajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Mwalimu wa kwanza akasema yeye huwarudisha kwenye kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Wa pili akasema huwachorea mistatili. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima ambaye kwa kawaida haongei vikaoni, akasema, "Mimi huwauliza swali moja tu. Mbili ya tano na nusu, ipi kubwa?" Chumba kikatulia. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Mtoto ameanza na nusu, ameongeza kitu, na amebaki na pungufu ya alichokuwa nacho. Akiliona hilo mwenyewe, kanuni utakayomfundisha baadaye itakuwa na pa kushika.

Mama yule alikuwa amefundisha miaka ishirini na zaidi jirani na wenzake, na hakuna aliyejua kwamba ana swali hilo, kwa sababu hatukuwahi kumpa saa ya kulisema.

Walimu wa Japani wana desturi ya aina hii kwa zaidi ya karne moja. Wao huiita jugyō kenkyū, uchunguzi wa somo. Kikundi cha walimu kinatayarisha somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani wakiwatazama wanafunzi. Narudia: wanawatazama wanafunzi. Ukaguzi wetu mwingi humtazama mwalimu, kama amevaa vizuri, kama ubao umepangwa, kama andalio limesainiwa. Ukigeuza kiti chako ukaangalia nyuso za watoto badala ya mgongo wa mwalimu, unaona mambo mengine kabisa, na mwalimu anayefundisha haogopi.

Kuhusu kusahihisha, tulibadilisha jambo lililowatia hofu wazazi mwanzoni. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa alama peke yake, waliopewa maoni peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama tupu. Mtoto akishaiona alama, maandishi ya mwalimu hayasomi tena. Tangu nilipoyasoma hayo nimekuwa nikiwaza wino mwekundu wote tuliomwaga pembeni mwa alama. Sasa mwalimu anaweza kusoma madaftari ya darasa zima bila kuandika lolote ndani yake. Anakuwa na karatasi moja pembeni, ananukuu makosa matatu au manne yanayojirudia, na kesho yake kipindi kinaanzia hapo. Kwenye daftari la kila mtoto anaandika maoni kwa zamu, kumi leo, kumi wiki ijayo. Kazi inakuwa nyepesi na somo linakuwa bora, jambo ambalo ni nadra mno kwenye elimu.

Vivyo hivyo kwa mitihani ya kila wiki. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma. Wengi tulilitafsiri vibaya tukaongeza mitihani. Kinachofanya kazi ni ule mvutano wa kukumbuka, alama haihusiki. Maswali matano mwanzoni mwa kipindi, mtoto ajibu bila kufungua daftari, kisha ajisahihishe mwenyewe. Mwalimu habebi karatasi hata moja kwenda nyumbani.

Lililotawala ofisi za walimu kuliko jambo lolote tangu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotoka, ni akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Nina msimamo hapa na nitausema bila kuzunguka: adui wa kwanza wa shule katika jambo hili ni programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kugundua mapema 2023, na Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka huo walizipima programu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zikaitwa za mashine. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na sentensi nyepesi, na programu huona wepesi huo ni dalili ya mashine.

Nimeshuhudia matokeo yake. Mwanafunzi mmoja aliletwa ofisini kwangu kwa kosa la udanganyifu, na ushahidi pekee ulikuwa asilimia iliyotolewa na programu. Alikuwa ameshika daftari la rasimu, kurasa nne, mistari imekatwa na kuandikwa upya, mishale inakwenda huku na huko. Hakuna aliyekuwa amemwomba alionyeshe. Nilimwomba radhi mbele ya mwalimu wake, na ningependa kila mkuu wa shule awe tayari kufanya hivyo.

Njia iliyotusaidia ni ya kizamani. Insha inayohesabika inaanzwa darasani kwa mkono. Rasimu inapewa uzito. Mwanafunzi anaulizwa maswali ya ana kwa ana kwa dakika tatu: kwa nini ulianza hivi, neno hili unamaanisha nini. Ukiwa na wanafunzi hamsini huwezi kuwauliza wote, lakini unaweza kuuliza sita kila wiki, na wote wakijua kwamba zamu yao inakuja wanaandika kama watu watakaoulizwa. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 unapendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya zana za akili mnemba darasani, na tunaufuata.

Kwa mwalimu mwenyewe zana hizi zina faida, na ni faida ya muda. Zinaweza kutoa maswali ishirini ya mazoezi ukachagua sita, au kurahisisha kifungu kigumu kwa ajili ya wasomaji dhaifu. Masharti yetu ni mawili: kila swali lifanywe na mwalimu kwa kalamu kabla halijafika ubaoni, kwa sababu mashine hukosea kwa ujasiri mkubwa, na jina la mwanafunzi, alama zake au habari za nyumbani kwao zisiingizwe humo kamwe.

Simu sitazizungumzia sana. Ufaransa ilizipiga marufuku shuleni kwa sheria mwaka 2018, na nchi nyingine zimefuata. Naunga mkono, kwa sharti moja: kazi ya kuzikusanya ifanywe na uongozi asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza. Kanuni inayomfanya mwalimu awe polisi mara tano kwa siku imemnyang'anya dakika zilezile tulizotaka kumlindia. Nasi viongozi tuache kuwaandikia walimu kwenye simu usiku.

Jambo zito zaidi ni watoto waliofika madarasa ya juu bila kujua kusoma. Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban asilimia 70 ya watoto wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Kufungwa kwa shule wakati wa janga la korona kulizidisha hali ambayo tayari ilikuwa mbaya. Mwalimu wa jiografia anapomkuta mtoto wa namna hiyo, hana la kufanya peke yake. Ana mtaala wa kumaliza na watoto wengine arobaini na tisa.

Suluhisho la haraka wengi wetu tunalolifahamu ni kumkaririsha darasa. Nililifanya mara nyingi, nikiamini ni rehema. Education Endowment Foundation ya Uingereza, ambayo hukusanya tafiti na kuziweka bure mtandaoni kwa lugha nyepesi, inaonyesha kwamba kwa wastani kukaririsha darasa humrudisha mtoto nyuma, na gharama yake ni kubwa sana. Taasisi ya Pratham ya India ilichukua njia nyingine: kwa saa moja au zaidi kwa siku, watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa umri wala darasa, na wanahamishwa kikundi mara wanapopanda. Njia hiyo imepimwa kwa majaribio makini mara kadhaa na imeonyesha matokeo mazuri.

Tazama sasa njia hiyo inahitaji nini. Haihitaji kompyuta. Inahitaji madarasa matatu au manne yawe na kipindi cha kusoma saa ileile, ili mtoto aweze kuhama mlango mmoja kwenda mwingine. Hakuna mwalimu wa darasa anayeweza kuamua hilo. Ni ratiba. Nilipoipanga kwa mara ya kwanza ilinichukua siku tatu na kifutio kizima, na mwalimu mmoja wa sayansi hakuzungumza nami kwa wiki mbili kwa sababu nilimhamishia vipindi vyake mchana.

Nyenzo, basi. Sijaacha kuzipenda. Kwa hadithi za kusoma, StoryWeaver, iliyoanzishwa na Pratham Books mwaka 2015, na African Storybook zina vitabu vya picha kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha, kutafsiri na kubadilisha. Kwa sayansi, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoasisiwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ina majaribio ya kuchezea kwenye skrini. Saketi za umeme ndizo nizipendazo zaidi, kwa vile mtoto anaweza kuunguza betri bila kumwogofya mtu. Shule isiyo na intaneti ya uhakika iangalie Kolibri, programu ya masomo ambayo hupakuliwa mara moja na kisha kufanya kazi bila mtandao. Zote hizi ni bure. Ukipakua kitu, tazama herufi za leseni chini yake: BY ina maana umtaje mwenye kazi, NC usiitumie kibiashara, ND usisambaze uliyoibadilisha. Mwalimu anayetafsiri zoezi lenye ND na kuwagawia wengine anavunja sharti bila kujua.

Na kuwe na ujasiri wa kukataa. Bado naletewa semina za kuwagawa wanafunzi kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono. Mwaka 2008 mtafiti Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo" wake kunamsaidia. Siku ya semina hiyo ni saa saba za walimu wote. Ningewapa wakasahihishe.

Kanuni yangu sasa ni nyenzo moja mpya kwa kila idara kwa muhula, na haiingii mpaka idara iseme itaacha nini ili kupata nafasi yake. Mara nyingine idara inakaa, inajadili, na kusema muhula huu hatutaki kitu kipya. Nalipokea jibu hilo.

Yule mwalimu wa hisabati anafanya kazi nyingine sasa, na aliponipigia mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ya mtu anayelala. Sikumwomba arudi. Nilimsimulia habari ya mbili ya tano na nusu, akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Hilo swali ningelipenda."

Jumatano hii ninashika kipindi cha nne cha mwalimu aliyechukua nafasi yake, ili apate kwenda kukaa darasani kwa mama yule na kuwatazama watoto wake wakifikiri. Mada ni sehemu. Nimeshakata karatasi za mistatili, hamsini na mbili, nazo ziko kwenye bahasha juu ya meza ileile.